Encarta Ilikufa 2009, Sisi Huku Same Hatukuambiwa

Wadau mnajua utaratibu wa hapa: tunasema mtu, jina tunaliacha. Leo nina watu wawili wa Same. Wa kwanza mnamjua. Mnamuona kwenye simu zenu karibu kila wiki, kavaa suti ya bluu, anahojiwa mambo ya ujasiriamali na ana wafuasi wa kutosha. Wa pili hamumjui, ameshatangulia mbele za haki, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko milimani. Kinachowaunganisha ni programu moja ya kompyuta iliyokufa zamani inaitwa Encarta. Najua kuna waliosoma hilo jina wakatabasamu, na kuna watoto wa 2005 kuja juu wanajiuliza huyo ni msanii wa lebo gani. Tulieni, nawaelezea.

Encarta ilikuwa ensaiklopidia ya Microsoft. Yaani chukua lile rundo la vitabu vizito unaloliona kwenye maktaba, liweke kwenye CD moja, ongeza picha, ramani, sauti na vivideo vidogo kama stempu. Ilitoka 1993. Kabla ya hapo Microsoft waliwafuata Britannica wakitaka maandishi yao, Britannica wakakataa, basi wakaenda kwa Funk & Wagnalls, ensaiklopidia ya watu wa kawaida ambayo Marekani ilikuwa inauzwa hadi supamaketi. Mwanzo waliiuza dola 395, watu wakaipita kama hawaioni. Wakashusha hadi dola 99 na hapo ndipo ikaanza kutembea. Matoleo ya mwisho mwisho yalikuwa na makala zaidi ya 62,000.

Sisi Same hatukuinunua kwa dola 99. Wala kwa dola moja.

Same kwa asiyeijua ni ule mji unaoupita ukitoka Dar kwenda Moshi au Arusha, abiria wanashuka kunyoosha miguu, upepo na vumbi, halafu ukiinua macho unaona milima ya kijani imekaa kimya juu yako kama haihusiki na joto la chini. Mimi nimeingia kidato cha kwanza pale mwaka 2013. Karibu na stendi kulikuwa na steshenari yenye kompyuta tatu, mbili zinafanya kazi, ya tatu inafanya kazi mpaka mtu aigonge. Mwenye kuziendesha alikuwa bro mmoja tulimwita Profesa. Huyo ndiye mwenye suti ya bluu.

Biashara yake ilikuwa hivi. Mwalimu anatoa kazi: andika kuhusu volkano, andika kuhusu mapinduzi ya viwanda. Vitabu vya maktaba vimeshaazimwa na waliowahi. Simu za kuingia intaneti wachache wanazo, na bando lenyewe linakatika kabla ukurasa haujamaliza kufunguka. Unaenda kwa Profesa. Anakuuliza "mada gani dogo?", anaandika kwenye Encarta ya 2009 aliyoipata anakojua yeye, anakopi, anapesti, anaprinti. Shilingi 200 kwa ukurasa. Unarudi nyumbani msomi.

Ila Encarta ilikuwa na kauchawi kake. Ukikopi zaidi ya maneno kumi ukayapesti sehemu nyingine, yenyewe inaongeza chini tamko la haki miliki la Microsoft. Profesa alikuwa analifuta. Siku akiwa na foleni anasahau. Sasa siku hiyo darasa zima likapeleka kazi ya volkano, na karibu nusu ya karatasi zina jina la Microsoft mwishoni, mahali ambapo mwanafunzi anaandika jina lake. Mwalimu akasimama mbele, kashika bunda la karatasi, akauliza kwa upole kabisa: "Huyu Microsoft anakaa dawati la ngapi?"

Tulichapwa, lakini hatukuacha. Na mimi nilianza kubaki pale steshenari hata kama sina kazi ya shule. Humo ndani kulikuwa na mchezo unaitwa MindMaze, upo kwenye kasri la kizungu la zamani, unajibu maswali ndio unafunguliwa mlango wa chumba kingine. Kiingereza changu hiki kidogo sehemu kubwa nimekitoa humo, sio darasani. Humo ndio niliona watu wakitembea mwezini. Nilikuwa najua hiyo habari ya mwezi, lakini kujua na kuona ni vitu viwili.

Siku moja nikataka kujitafuta. Kilimanjaro nikaikuta. Nyerere nikamkuta. Nikaandika Same. Ikanifungulia kamusi, ikaniambia ni neno la Kiingereza lenye maana ya kitu kilekile, kisichobadilika. Yaani mji mzima, na stendi yake, na soko lake, na sisi wenyewe tuliokaa mle ndani, tumegeuka kivumishi. Profesa alicheka mpaka akaegemea mashine ya fotokopi.

Tunachofurahia muda wote huo kilikuwa maiti. Microsoft walitangaza Machi 2009 kwamba wanaifunga, na tarehe 31 Oktoba 2009 kurasa zake za mtandaoni zikazimwa dunia nzima isipokuwa Japani, ambako iliongezewa miezi miwili. Aliyeiua mnamjua, ni Wikipedia, iliyoanza 2001 na haimtozi mtu. Mwanzoni mwa 2009 huko Marekani, katika watu wote waliokuwa wanatembelea ensaiklopidia za mtandaoni, asilimia 97 walikuwa wanaenda Wikipedia. Encarta ilibaki na asilimia 1.27. Hapo hakuna mjadala.

Kwetu hesabu ilikuwa tofauti kidogo. Mwaka huohuo 2009, mwezi Julai, ndio mkongo wa baharini wa SEACOM uliwashwa na kufika Dar es Salaam. Yaani wenzetu waliona CD ni takataka kwa sababu intaneti ilishawajaa ndani, sisi ndio kwanza waya umegusa ufukweni. Kutoka ufukweni mpaka mfukoni mwa mwanafunzi wa Same ni safari nyingine. Kwa hiyo miaka minne, mitano baada ya mazishi, marehemu alikuwa bado anatufundisha volkano.

Kuna ndugu yake mmoja Encarta ambaye naona Waafrika tulipaswa kumlilia zaidi. Anaitwa Encarta Africana. W.E.B. Du Bois, yule msomi mweusi wa Marekani, aliwaza ensaiklopidia ya watu weusi tangu 1909. Hela hakupata, miaka ikaenda. Mwaka 1961 Nkrumah akamwita Ghana akaifanyie kazi huko, mzee akaenda ana miaka zaidi ya tisini, akafia Accra tarehe 27 Agosti 1963 kazi haijaisha. Baadaye Henry Louis Gates na Kwame Anthony Appiah wakaibeba ndoto hiyo, na Januari 1999 Microsoft wakaitoa kwenye CD. Miaka tisini ya kusubiri. Leo ukiwa na hiyo CD, kuifungua kwenye kompyuta mpya ni shughuli. Lakini walitoa na kitabu mwaka huohuo 1999, kitabu kimoja kizito, na ukikifungua leo kinafunguka. Hakikuulizi una Windows ya ngapi.

Sasa mtu wa pili.

Alikuwa mdogo wake babu mzaa baba, kwa hiyo kwangu ni babu vilevile, lakini mlimani kote aliitwa Mwalimu tu, hata na wake zetu wa ukoo, hata na watoto wake. Kijiji ni cha juu, upande wa Mbaga. Alipostaafu, mwanawe wa Dar alimletea kompyuta ambayo ofisini kwao walikuwa wanaiondoa, na ndani ya boksi la nyaya kulikuwa na CD ya Encarta 95. Umeme ukiwepo alikuwa mbele ya kompyuta, ukikatika alikuwa shamba. Akafariki 2011. Kompyuta ikafunikwa kitambaa cha kudarizi na ikawekewa sheria kwamba haiguswi. Nyie mnaotutania Wapare kwamba hatutupi kitu, safari hii mmeshinda, miaka kumi na zaidi mashine ilikaa pale ikitunzwa kama mgonjwa.

Na mnaotutania kwamba Mpare anauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku, sogeeni karibu, kesi ipo.

Juu ya shamba la shangazi, binti yake Mwalimu, unapita mfereji wa ndiva. Ndiva ni bwawa la asili yetu. Maji ya kijito yanaelekezwa humo usiku kucha yajae, asubuhi linazibuliwa na watu wanamwagilia kwa zamu. Zamu ni za kaya, na kaya zinajulikana tangu enzi. Ukiharibu mpangilio wa ndiva umeharibu kijiji. Kati ya mfereji na uzio wa shangazi kuna kipande cha ardhi, sio kikubwa, ila ndicho chenye unyevu mwaka mzima, tangawizi inakubali pale kuliko popote. Jirani akasema kile kipande alipewa baba yake siku ndiva ilipojengwa upya. Shangazi akasema hapana, siku hiyo baba yangu ndiye alikuwa katibu wa kikao na kila kitu kakiandika. Kakiandika wapi? Kwenye kompyuta. Basi ileteni hiyo kompyuta ituambie.

Ujumbe ukarushwa kwenye grupu la ukoo. Watu wakatoa pole, wakatoa emoji, mwisho bamdogo mmoja akaandika: "Huyu wetu wa blogu si anashinda mitandaoni, apande akaifungue." Kwao kuandika udaku na kufufua kompyuta ni fani moja.

Nikapanda. Noah kutoka Same mjini, unapita Mwembe, unaanza kukata kona, joto linabaki chini na sweta linaanza kuwa na maana. Nikafika kwenye ukungu na makande ya moto. Kompyuta ilipochomekwa ikatoa harufu, ikakaa kimya. Sikupoteza muda, nikafungua nikatoa hadi diski. Ni zile za zamani zenye pini 40, na nilishajiandaa na adapta ya kuichomeka kwenye USB, Kariakoo ukiuliza unapata. Nikaiunga kwenye laptopu yangu. Ikalia krr, krr, halafu ikaonekana. Shangazi akasema "asante Yesu" akaenda kuongeza chai.

Ndani kulikuwa na folda imeandikwa ENSAIKLOPIDIA YETU.

Nilikaa nikaliangalia hilo jina muda kidogo. Baadaye shangazi akanieleza. Mwalimu aliisoma ile Encarta 95 jioni kwa jioni kama watu wanavyosoma Biblia, na alipomaliza akasema humu watu wote wapo isipokuwa sisi. Akaanza ya kwetu. Mafaili 31, kila moja kichwa cha habari: NDIVA, MBIRU, UKOO, MAKANDE, MITI, na kuendelea. Alikuwa anaandika makala, kwa Kiswahili, kwa mpangilio uleule wa Encarta.

Na hakuna lililofunguka.

Hapa naomba mnivumilie na mambo ya kifundi, sitakaa sana. Kila faili lina namna lilivyopangwa ndani, ndiyo tunaita fomati, na mara nyingi mkia wa jina lake ndio unakuambia ni fomati gani. Mafaili ya Mwalimu yalikuwa na mkia wa WPS. Binamu yangu akaona akafurahi: "Si WPS hii? Tuma kwa simu nifungue." Karibu kila simu ya Bongo ina WPS Office, nanyi mnaijua. Ikagoma. WPS ya kwenye simu na WPS ya Mwalimu ni majina tu yamefanana, kama Juma wa Same na Juma wa Tandahimba. Ya Mwalimu ni ya Microsoft Works, programu ndogo ya kuandikia iliyokuwa inauzwa na kompyuta za bei rahisi, nayo Microsoft wameshaizika. Nikajaribu Word, programu ya Microsoft haohao. Nayo ikamkana ndugu yake.

Nikageukia CD ya Encarta 95 yenyewe. Hiyo laptopu ilinijibu kwa ufupi kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako. Sababu ni kwamba Encarta 95 ilitengenezwa kwa Windows za zamani za biti 16, na Windows za leo za biti 64 zilishaacha kabisa kuongea lugha hiyo. Basi nikasema nipite dirishani, nisome data moja kwa moja. Nikafungua faili lake kubwa kwa Notepad, nikapata mistari ya alama na vibox, kama mtu amekalia kibodi. Makala zote, picha na viungo vyake vimebanwa humo kwa mpangilio ambao programu yake pekee ndiyo inaujua. Maneno yote kuhusu Kilimanjaro yamo, hayajapotea hata moja. Ni mahindi ndani ya ghala, kufuli ni la fundi mmoja, na fundi kafunga duka.

Mlimani saa tano usiku, baraza la ardhi la kata linakaa keshokutwa, nikamtafuta Profesa. Nilijua hatajibu, mtu wa suti yule. Akajibu kwa sauti, dakika saba nzima, anacheka. Akasema unajua mimi kompyuta nimejifunzia wapi? Kwenye kuizuia ile Encarta isife. Kila wakibadilisha Windows pale steshenari inagoma, nami natafuta njia, maana ikigoma siku hiyo sili. Akanipa maelekezo hatua kwa hatua bila kuangalia popote.

Ya kwanza, shusha LibreOffice. Hiyo ni programu ya bure, na kuna watu wa kujitolea walikaa wakayachambua mafaili ya Works mpaka wakajua yamepangwaje, bila kusaidiwa na mwenye mali. Ni MB zaidi ya 300. Nilitembea mpaka kwenye kigongo chenye mtandao, nimejifunika khanga ya shangazi, bando la wiki likaisha usiku mmoja. Saa nane kasoro nikabofya faili la NDIVA. Likafunguka. Herufi zote, aya zote, mpaka mistari aliyopigia chini.

Ya pili, Encarta yenyewe, hiyo ilinichukua muda zaidi baadaye. Unatumia DOSBox, programu inayojifanya kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya, humo unaweka Windows 3.1, ndani ya hiyo ndio unaweka Encarta. Nyumba ndani ya nyumba ndani ya nyumba. Ikafunguka nayo, na ule muziki wa MindMaze ukalia mlimani.

(Profesa aliniomba kitu kimoja: nisimtaje. Siku hizi anaitwa kwenye semina kufundisha vijana umuhimu wa haki miliki. Mimi sina la kuongeza.)

Turudi kwenye faili. Mwalimu aliandika kama Encarta kweli. NDIVA inaanza na maana, inafuata namna linavyojengwa, inafuata orodha ya kaya na zamu zao, halafu kikao cha ujenzi mpya, nani alikuwepo, na mpaka: kutoka kwenye mkuyu wa juu kushuka hadi jiwe lenye alama. Kile kipande kiko upande wa shangazi. Faili la MBIRU nalo nililisoma palepale ingawa halikuhusu kesi. Wengi wetu tumekulia Same hatujui kwamba mwaka 1945 Wapare kwa maelfu walishuka milimani wakaja kupiga kambi pale kwenye makao makuu ya wilaya, kupinga kodi ya mbiru ya wakoloni. Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenzetu, ameiandikia hiyo habari. Mimi nimepita barabara ile miaka yangu yote ya shule na nilikuwa najua zaidi kuhusu kasri la MindMaze.

Siku ya baraza nikaprinti kurasa nne. Jirani akazisoma taratibu, mtu mtulivu sana, kisha akauliza: "Nitajuaje kijana hakuziandika jana?" Swali zuri. Nikafungua laptopu niwaonyeshe tarehe ya faili. Jamani. Faili limeandikwa tarehe 1 Januari 1980. Ile betri ndogo ya saa ndani ya kompyuta ilishakufa hata Mwalimu akiwa hai, na kompyuta nyingi za zamani betri ikifa saa inarudi 1980. Yeye hakujali, akaendelea kuandika. Jirani akageuka kwa wazee akauliza kwa sauti ileile: "Mwaka 1980 Mbaga kulikuwa na kompyuta?" Baraza zima likaangua kicheko, hata mimi ikabidi nicheke.

Kilichotuokoa sio tarehe. Katika ile orodha ya waliokuwepo kikaoni, Mwalimu alitaja na aliyepika, mwanamke mmoja aliyekuja na mumewe. Mume ameshafariki. Yeye yupo, ana miaka themanini na kitu, na hakuna aliyekuwa amefikiria kumuuliza kwa sababu vikao ni vya wanaume, si ndio? Akaitwa. Akakumbuka chakula, akakumbuka nani aligombana na nani, akakumbuka jiwe. Mkuyu ulishakatwa. Wazee wakaenda na majembe mahali alipoelekeza, wakafukua kidogo, na jiwe likaonekana na alama yake. Suala bado halijaisha mpaka naandika hii, na jirani ana haki yake ya kulipeleka mbele. Ila uso wa shangazi umerudi.

Mtasema haya ni mambo ya wazee na kompyuta mbovu. Haya. Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, mkubwa tu, hana nakala ya nyimbo zake mbili za mwanzo kabisa. Alizipandisha MySpace enzi hizo, kompyuta ya studio ikaibiwa, akasema si ziko mtandaoni. Mwaka 2019 MySpace walisema walipohamisha seva wamepoteza nyimbo zilizowekwa kwa miaka kumi na mbili, zaidi ya milioni 50. Nyimbo zake zilikuwa humo. Flash nayo, iliyokuwa inaendesha michezo na masomo chungu nzima kwenye CD za shule, ilisitishwa mwisho wa 2020. Na wewe mwenye rasimu 200 ndani ya CapCut, ukifuta aplikesheni zinaondoka nayo. Video ikikamilika itoe nje, iweke mahali pengine. Maandishi ya maana yahifadhi kama maandishi matupu au PDF. Ukitaka Wikipedia bila bando ipo Kiwix, inakaa kwenye memori kadi, na fomati yake iko wazi, yaani hata waliotengeneza wakifunga duka kesho, fundi mwingine anaweza kuisoma. Mimi zile makala 31 nimeshazihamisha zote, na nimeziprinti. Shilingi 200 kwa ukurasa, bei haijapanda sana.

Zimebaki sauti. Folda lilikuwa na rekodi 14, fomati ya WAV, ya tangu 1991. Hizo hazikuhitaji Profesa wala DOSBox. Nilizituma kwenye simu ya shangazi, Tecno ya kawaida, akabonyeza zikalia. Hakuwa ameisikia sauti ya baba yake tangu 2011. Alikaa kwenye kigoda, simu ameishika kwa mikono miwili.

Mwalimu alikuwa anataja miti, kwa Kipare kwanza kisha kwa Kiswahili, ipi inafaa kupandwa kwenye chanzo cha maji na ipi inayakausha. Kirekodi cha Windows za zamani kilikuwa kinakata kila rekodi kikifika sekunde 60, na inaonekana hakuijua hiyo, au aliijua akaona haina shida. Kila rekodi inakatika katikati ya sentensi. Ya mwisho anataja mkuyu, anataja mringaringa, anakohoa, halafu anasema na huu mwingine ambao mama yenu alikuwa anaupenda, na inakata hapohapo.

Shangazi akaniambia nirudie. Nikarudia mara nne. Anadhani anaujua ni mti gani, ila hana uhakika, na asubuhi yake alivaa viatu akaenda kumuuliza yule bibi aliyepika kwenye kikao.